MTU AMEANGUKA: TUKIMBILIE MTU AO PIKIPIKI?

Ndugu zetu wa internati walibishana juu ya jambo hili mpaka taa zikazimwa, na bado walikuwa wanasemezana gizani.

Wengi mnakumbuka ile siku ya mvua, saa sita na nusu, tulipokuwa tunatoka darasani. Motari mmoja alikuwa anatoka upande wa daraja la Tshopo, amebeba mama mmoja na beseni ya sombe. Mbuzi ikakata njia. Motari akakamata freni, udongo ulikuwa unateleza kama sabuni, basi pikipiki ikalala upande mmoja, ikasukumana na watu wake mpaka karibu na mtaro. Sombe ikatawanyika barabarani. Pikipiki ilikuwa bado inaunguruma, gurudumu la nyuma linazunguka hewani.

Watu wakakimbia. Nilihesabu baadaye: tulikuwa tisa. Sita walifika kwenye pikipiki. Waliisimamisha, wakaipangusa udongo, mmoja akatia gazi kusikiliza kama mashini ni mzima. Wawili walikusanya sombe. Mmoja tu, yule mama anayeuza mikate mbele ya mlango wa shule, alikwenda kwa mama aliyeanguka. Na motari mwenyewe? Alisimama peke yake, mkono wa kushoto umening'inia, akazunguka akiuliza: «Moto yangu iko wapi? Nani alikamata moto yangu?» (Moto ya magurudumu, si ya jikoni.) Kiisha akaketi chini ghafula, uso umekuwa kama majivu. Mfupa wa mtulinga, ule unaotoka begani kwenda shingoni, ulikuwa umevunjika, na alikuwa ametembea nao hivyo.

Ninaandika haya kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale sita.

Jioni, internati ikagawanyika. Upande mmoja ulisema: mlifanya vizuri, kwa kuwa pikipiki ndiyo mkate wa yule motari. Mara nyingi hata si yake, ni ya patron, na kila jioni lazima alete versement, awe amepata watu ao hapana. Ikiibiwa wakati amelala chini, atapona bega lakini atakuwa na deni. Upande wa pili ulisema: mtu ni mtu, chuma ni chuma. Yaya mmoja wa mwaka wa sita akasema maneno hayo kwa sauti kubwa sana, lakini siku ile yeye alikuwa amekusanya sombe.

Mwalimu mmoja alipita, akasikia makelele. Akacheka, akasema: swali lenu si jipya hata kidogo. Katika inchi zenye farasi wanajiuliza hivyo tangu zamani. Mwenzako ameanguka chini, farasi wake anakimbia bila mtu. Unakwenda kwanza kwa mtu, ao unamkamata farasi?

Hapa kwetu Kisangani farasi hatuna, na sababu yake si umaskini. Ni nzi wa tsetse. Yule anayewapa watu malale, kwa farasi na ngombe analeta ugonjwa unaoitwa nagana: vijidudu vya tripanosoma vinaingia katika damu, mnyama anakonda, analegea, anakufa. Ndiyo sababu katika pori letu mizigo ilipita juu ya vichwa vya watu na ndani ya mitumbwi, si mgongoni mwa mnyama. Wabelgiji walifikia hata kufundisha tembo kazi, mwanzo wa karne ya 20, kule Api katika Uele, na baadaye Gangala-na-Bodio. Kumkimbilia tembo aliyemwangusha mtu wake, hiyo kazi tuwaachie wenyewe.

Lakini turudi kwa farasi, maana wenye farasi wamefikiri vizuri. Farasi ni mnyama wa kundi, tena mwoga. Ukimfukuza, anazidi kukimbia, maana anaona anafukuzwa. Na farasi wa wenzako wakiona mmoja anakimbia, nao wanataka kufuata. Badala ya mtu mmoja chini mtakuwa na watatu. Kwa hiyo wale wenye ujuzi wanafanya kinyume cha yale miguu yetu inatuambia: wote wanasimama. Mmoja anashuka, anampa jirani kamba za farasi wake, anakwenda kwa aliyeanguka. Farasi aliyekimbia, mara nyingi anasimama mwenyewe mbele kidogo kula majani, ao anarudi kwa wenzake. Kama njia ya magari iko karibu, hapo mtu mwingine anakwenda kuonya magari, sababu farasi akiingia mbele ya lori, wataumia wengine tena. Katika mashindano makubwa ya mbio za farasi, gari la wagonjwa linawafuata nyuma, na kule Marekani kuna pia wapanda farasi ambao kazi yao ni kukamata farasi aliyepoteza mtu wake. Kazi mbili, watu wawili.

Iko hali moja ambapo farasi anakuwa wa kwanza. Ni wakati mguu wa mtu umenaswa katika kile chuma cha kukanyagia, na farasi anakimbia akimburuta chini. Hapo huwezi kumsaidia mtu mbele ya kumsimamisha mnyama. Angalia vizuri hapo, maana jibu lote limefichama ndani yake. Swali si nani ana bei kubwa, mtu ao farasi. Hilo kila mtoto wa shule ya msingi analijua. Swali ni: kitu gani bado kinatembea, na kinaweza kumwumiza tena huyu aliye chini, ao kumwumiza mwingine? Hicho kisimamishwe kwanza. Kiisha, mtu. Kitu kilichokwisha kulala kimya kinaweza kungoja.

Kwa nini haraka hivyo kwa mtu? Mfano mmoja unajulikana dunia nzima. Christopher Reeve, yule aliyecheza Superman katika filme ya 1978, alianguka kutoka juu ya farasi tarehe 27 mwezi wa tano 1995, kule Culpeper, jimbo la Virginia, Marekani. Farasi wake alisimama ghafula mbele ya kizuizi, yeye akapita juu ya kichwa cha farasi, akaanguka na kichwa chini. Mifupa miwili ya kwanza ya shingo ilivunjika. Hakuweza tena kuvuta pumzi yeye mwenyewe. Wasaidizi walimfikia katika dakika chache, wakampatia hewa, naye akaishi mpaka 2004, katika kiti cha magurudumu. Ubongo wa mtu bila hewa unaanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Wangetumia dakika hizo kufuata farasi uwanjani, wangemkuta maiti.

Sasa tuweke pikipiki mahali pa farasi.

Zamani kidogo jambo hili lilikuwa jepesi zaidi. Wazazi wetu walibebwa na toleka, yaani baiskeli, ao kinga kama wazee wanavyosema. Neno toleka ni la Kilingala, maana yake «tupite». Katika miaka ya vita, esanse ilipokosekana, toleka ndiyo ilikuwa teksi ya Kisangani, kutoka Mangobo mpaka Makiso, Kabondo mpaka Tshopo. Toleka ikianguka, mtu anachubuka goti, wanagombana kidogo, wanaendelea. Haina mashini inayowaka, haina esanse, haina chuma cha kuunguza. Pikipiki za leo, za China na za India, ni jambo lingine. Fanyeni hesabu sawa mwalimu wa fizika anavyotufundisha: kilometre 40 kwa saa ni metre 11 katika sekunde moja. Ndiyo mwendo ambao mtu anatupwa nao chini.

Na pikipiki iliyoanguka haijalala kama farasi aliyekula akashiba. Tuliiona siku ile. Gurudumu linazunguka, linaweza kukata vidole. Bomba la moshi linaunguza ngozi mara moja. Wengi wenu mna alama yake kwenye mguu wa kuume, upande wa ndani. Esanse inatiririka kutoka kwenye kifuniko ao kwenye karburata. Na kuna mzee fulani siku zote anakuja kutazama akiwa na sigara mdomoni.

Basi wa kwanza anayefika ana kazi ya sekunde tano kwa pikipiki: kuzima kontakti, na kufunga robine ya esanse kama anaijua. Basi. Asiisimamishe, asiipanguse, asitie gazi (mimi na wenzangu tulifanya yote matatu). Kama imelala juu ya mguu wa mtu, hiyo ni sawa na ule mguu ulionaswa kwa farasi: inuweni kwanza pikipiki, watu wengi pamoja, juu moja kwa moja, bila kuivuta kando. Ukiivuta, unavuta na nyama yake.

Hatari nyingine inayotembea ni barabara yenyewe. Gari linalokuja kwa kilometre 60 linapita zaidi ya metre 16 katika ile sekunde moja ambayo dereva anaona tu, mbele hajagusa freni. Na watu wakisikia ajali wanajaa katikati ya njia kama siku ya soko. Watu wawili wenye miguu mizuri waende, mmoja huku, mwingine kule, hatua hamsini ao zaidi, wakate matawi na kuyaweka barabarani, namna madereva wetu wanavyofanya gari lao likikufa. Kila dereva wa Congo anajua kusoma tawi lililo njiani.

Hayo yote, kama watu wamegawana kazi, hayamalizi dakika. Sasa tuko kwa mtu.

Muganga wa dispensari yetu alituambia neno moja lililotushangaza: mtu anayelia sana si wa kwanza. Anayelia anapumua. Nenda kwa yule aliyenyamaza. Piga magoti karibu naye, mwite, mguse begani. Kama hajibu, angalia kifua na sikiliza pumzi kwa sekunde kumi. Kama anapumua lakini hana fahamu, asilazwe chali peke yake, ulimi na matapishi vinaweza kuziba njia ya hewa; ageuzwe upande, kichwa na mgongo vikigeuka pamoja kama gogo moja. Kama hapumui, wekeni mikono miwili katikati ya kifua, kandamizeni kwa nguvu, sentimetre tano hivi kwenda chini, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha. Ni kazi ya kuchosha, mpokezane.

Damu inayotoka sana, weka kitambaa safi, kandamiza kwa mkono, usiinue kila mara kuangalia kama imeisha. Kaske, kama alivaa, muiachie kichwani. Mnaivua tu ikiwa hapumui, na lazima wawe watu wawili, mmoja ameshika shingo. Maji ya sukari hapana. Najua kwetu kila mtu aliyeanguka anapewa maji, na mama zetu watanikasirikia, lakini mtu mwenye fahamu ndogo maji yanaingia kwenye mapafu, na kama atapasuliwa hospitali, tumbo lazima liwe tupu.

Na sasa nifike kwenye kosa letu kubwa, maana linaua kushinda lile la kukusanya sombe. Ni kumnyanyua mtu haraka. «Baba, simama! Jikaze!» Mmoja kwapani, mwingine miguuni, wanamweka kwenye pikipiki nyingine, katikati ya watu wawili, kichwa kinachezacheza, wanakimbia hospitali. Wana moyo mzuri, hilo silikatai. Lakini ndani ya mifupa ya shingo na mgongo kunapita ule uzi wa mishipa unaoamuru mikono, miguu na pumzi. Mfupa uliovunjika lakini haujasogea bado, unaweza kusogezwa na wasaidizi. Mtu aliyeanguka akiwa na miguu yake anafika hospitali bila miguu.

Kwa hiyo mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili kisigeuke, amwambie jina lake na azungumze naye. Wengine watafute ubao, mlango, ao watengeneze kipoyi kwa miti miwili na mashuka. Ambulansi kwetu si ya kungoja mchana kutwa, najua. Mara nyingi tutabeba sisi wenyewe. Lakini tumbebe amelala, watu sita, kwa hesabu moja, mbili, tatu.

Hapo ndipo ule upande wa kwanza wa internati unarudi, na lazima niseme kweli: hawakukosa kabisa. Tulimwuliza muganga kwa nini yule motari alisimama na mfupa umevunjika. Akajibu kwamba mtu aliyepatwa na mshtuko, kwa dakika za kwanza, hasikii maumivu sawasawa. Anafuata wazo lake la kwanza tu, na wazo la kwanza la motari ni pikipiki. Unaweza kumwambia «lala, usitikisike» mara mia moja. Hatalala, akiona watu sita asiowajua wamekamata pikipiki yake na mmoja anatia gazi. Nami ningesimama.

Basi mtu mmoja, na awe mtu anayejulikana pale, mwalimu ao mama wa mikate, achukue ufunguo na auonyeshe mbele ya macho yake: «Papa, ufunguo wa moto yako huu hapa, iko kwangu, haiendi popote.» Hapo atalaza kichwa. Kutunza pikipiki ni namna ya kumtunza mtu, lakini ni kazi ya mtu mmoja, si ya sita, na inaanza na ufunguo, si na kitambaa cha kupangusa. Motari wenzake wakifika, na wanafika haraka sana, wapewe hiyo kazi mara moja, pamoja na ile ya kufunga barabara. Watakuwa na shughuli, na hawatapata nafasi ya kutafuta mwenye mbuzi wampige.

Wengine wanaogopa kugusa: «Nikimgusa, polisi watasema ni mimi.» Woga huo upo, siwezi kuuficha. Lakini sheria yetu inasema kinyume: anayeacha kwa makusudi kumsaidia mtu aliye katika hatari, wakati angeweza bila kujihatarisha yeye mwenyewe, ndiye mwenye kosa. Hata Msamaria wa Luka sura ya 10, kama mtasoma polepole, alifuata utaratibu: kwanza vidonda, mafuta na kufunga, kiisha ndipo akamleta mnyama wake.

Wandugu wa Lubunga, ambao kila asubuhi mnavuka mto kuja shuleni, mliniuliza: na mtumbwi? Ni swali zuri, maana majini mambo yanapinduka. Mtumbwi wa mti uliopinduka hauzami, hata ukijaa maji. Yule aliyeanguka asiuache ili aogelee mpaka kando. Mto wetu unadanganya, kando inaonekana karibu na maji yanakupeleka mbali. Ashikilie mtumbwi, apige kelele, angoje. Na wale wanaokuja kuokoa waende kwa vichwa vya watu kwanza, hasa kile ambacho hakiko karibu na mtumbwi, maana mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele na anapotea katika dakika moja. Mizigo ipite yenyewe mpaka Yangambi kama inataka. Aliye kando asiruke majini bila kitu mkononi: atupe kamba, kasia, kidumu kitupu. Hapa chombo si kama pikipiki, chombo ndicho kinachomshika mtu, kwa hiyo hamchagui kati ya mtu na mtumbwi, mnashika vyote viwili.

Habari za mwisho. Yule mama wa sombe alipona, alichubuka tu. Motari alikaa wiki nyingi mkono umefungwa shingoni. Sasa amerudi kazini, na akipita mbele ya shule anapiga honi. Bwana Prefe ametukubalia ule mlango wa zamani wa darasa la tatu, umewekwa nyuma ya dispensari pamoja na kamba na mashuka mawili, haukufungiwa na ufunguo. Jumamosi iliyopita tulijaribu kumbeba juu yake yule yaya wa mwaka wa sita aliyekusanya sombe, watu sita, kutoka mlangoni mpaka dispensari. Alianguka mara moja tu, pale kwenye ngazi. Jumamosi inayokuja tutajaribu tena, saa nane. Tunahitaji watu wanne wengine, na mmoja wa kulala juu ya mlango, maana yeye amekataa.